Umejuaje Kwamba Ni DNA?

Hotuba hii ilitolewa mbele ya walimu wa baiolojia na mafundi sanifu wa maabara wa shule za sekondari. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa shule mliotuheshimu kwa kufika, walimu wenzangu, na kwa namna ya pekee ndugu zangu mafundi sanifu wa maabara, ambao kwa kawaida mnaalikwa kwenye mikutano kama hii kupanga vifaa na si kukaa viti vya mbele: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie ugunduzi wa DNA. Nitaanza na swali ambalo mwanafunzi wa kidato cha tatu hutuuliza na sisi tukaliruka kwa sababu kengele inakaribia kulia. Tunamwambia kwamba sifa za urithi zimo katika DNA. Yeye anauliza: mmejuaje? Kwa nini isiwe protini? Nani aliona, na aliona nini hasa? Sisi tunamjibu kwa haraka kwamba ni Watson na Crick, mwaka 1953, tunachora zile nyuzi mbili ubaoni, na kipindi kinakwisha.

Ndugu zangu, hilo ni jibu la swali jingine. Watson na Crick walieleza umbo la DNA. Hawakuigundua, kwa maana ilikuwa imeshajulikana kwa zaidi ya miaka 80 walipoanza kuishughulikia. Wala si wao waliothibitisha kwamba ndiyo inayobeba urithi. Kazi hiyo ilifanywa na watu waliosafisha, waliopima, waliochuja na kusafisha tena, yaani watu waliofanya kazi ambayo mafundi sanifu wetu wanaifahamu kuliko maprofesa wengi. Kwa hiyo nitawasimulia habari zao, na kila nitakapofika kwa mmoja nitamuuliza swali lile lile la mwanafunzi: umejuaje?

Twende kwanza Tübingen, kusini mwa Ujerumani, mwaka 1869. Friedrich Miescher, kijana wa Uswisi, amehitimu udaktari, lakini masikio yake yamedhoofishwa na ugonjwa na hawezi kusikiliza vizuri kifua cha mgonjwa, hivyo ameamua kuingia katika kemia. Maabara ya mwalimu wake, Felix Hoppe-Seyler, imo ndani ya kasri la kale lililo juu ya kilima, na chumba anachofanyia kazi Miescher zamani kilikuwa jiko. Anataka kujua seli imeundwa na nini. Atazipata wapi seli nyingi, zilizo peke yake, zisizoshikamana na nyama? Hospitali ya upasuaji iliyo jirani inamletea bandeji zilizotumika, zimejaa usaha, na usaha kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe za damu.

Hebu tulitazame jambo hili kwa karibu. Kijana anapokea bandeji za wagonjwa, anazichagua na kuzitupa zile zilizooza, kisha anaziosha kwa myeyusho wa chumvi ambao hautazipasua seli, anaacha seli zitulie chini, anamwaga maji ya juu. Halafu anatengeneza pepsini kutoka katika tumbo la nguruwe na kuitumia kumeng'enya protini za seli hizo, mpaka vinabaki viini. Anaviyeyusha viini katika alikali, anatia asidi, na kitu cheupe kinajitenga.

Umejuaje, Miescher, kwamba hicho si protini tu? Alikuwa na jibu. Pepsini, ambayo huvunja protini, haikukivunja. Na alipokichoma na kukipima alikuta fosforasi kwa wingi usio wa kawaida, wala hakukuta salfa kama ile ya protini. Akakiita nyukilini, kwa kuwa kilitoka ndani ya kiini. Ndicho tunachokiita leo DNA. Mwalimu wake hakuridhika. Hoppe-Seyler alirudia majaribio yale kwa mikono yake mwenyewe kabla ya kuruhusu yachapishwe, na ndiyo maana taarifa ya kazi ya mwaka 1869 ilitoka mwaka 1871. Walimu wenzangu, ni mara ngapi sisi hurudia jaribio la mwanafunzi kabla ya kuliwekea alama ya vema?

Miescher alirudi Basel akaendelea na kazi hiyo kwa kutumia shahawa za samaki aina ya samoni wa mto Rhine, ambazo seli zake karibu zote ni kiini, na alifariki mwaka 1895 kwa kifua kikuu bila kujua umuhimu wa kile alichokishika.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Albrecht Kossel na wenzake walitambua besi, yaani vijenzi vidogo vilivyomo ndani yake, zile tunazoziita leo adenini, guanini, sitosini na thaimini, naye akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1910. Phoebus Levene, huko New York, aliitambua sukari yake mwaka 1929. Lakini Levene, ambaye alikuwa mwanakemia hodari sana, aliacha pia wazo lililowapoteza watu kwa miaka mingi: kwamba besi hizo nne zinakuwamo kwa viwango sawa, zikijirudia kwa mpango ule ule mmoja. Kama ndivyo, wataalamu walijiuliza, kitu kinachosema neno moja tu kitabeba habari gani za kukifanya kiumbe hiki kiwe mmea wa mahindi na kile kiwe mwanadamu? Protini zina viungo aina 20, na zinapangika kwa namna zisizohesabika. Basi macho yote yakaelekea kwenye protini, na DNA ikawekwa kando kama kitu cha kushikilia wengine mahali pao. Nasema wazi kwamba huo haukuwa ujinga. Lilikuwa wazo la busara lililokosa kipimo.

Sasa twende kwa mtu ambaye mimi binafsi namweka mbele ya wengine wote katika habari hii, ingawa vitabu vingi vya kidato cha nne havimtaji. Lakini siwezi kumfikia bila kupitia kwa panya wa London.

Mwaka 1928 Frederick Griffith, daktari wa Wizara ya Afya ya Uingereza, alichapisha matokeo ya kushangaza kuhusu bakteria wa nimonia. Wako wenye ganda la sukari, na hao humuua panya. Wako wasio na ganda, na hao hawamdhuru. Griffith aliwaua kwa joto wale wenye ganda, akahakikisha kwamba wamekufa kweli, kisha akawachanganya na walio hai wasio na ganda na kumdunga panya. Panya alikufa, na katika damu yake walikutwa bakteria hai wenye ganda, ambao waliendelea kuzaa watoto wenye ganda kama wao. Maiti walikuwa wamewapa walio hai kitu, na kitu hicho kilirithiwa. Kitu gani?

Oswald Avery, wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, hakuyaamini matokeo hayo mwanzoni. Alikuwa mtu mpole, mdogo wa umbo, aliyeutumia karibu utu uzima wake wote kuchunguza bakteria huyo mmoja. Watu wa maabara yake walirudia jaribio wakakuta Griffith amesema kweli, na hata wakaweza kulifanya ndani ya chupa bila panya. Ndipo Avery, pamoja na Colin MacLeod na baadaye Maclyn McCarty, walipoamua kukitafuta kitu chenyewe.

Walikuza bakteria katika supu ya moyo wa ng'ombe, lita 50 hadi 75 kwa mkupuo mmoja, na hao ni bakteria wanaoua watu. Mashine ya kuzungusha waliyoitumia kuwakusanya ilikuwa ikirusha hewani ukungu wa vijidudu, hivyo ilibidi itengenezewe kasha la kuifunga kabisa, na fundi aliyefanya kazi hiyo simjui jina lakini nadhani kila aliyeko safu za mbele leo anamfahamu kwa sura. Waliwaua bakteria kwa joto, wakawaosha, wakatoa kilichomo, wakakitikisa na kloroformu tena na tena ili kuondoa protini, wakatumia kimeng'enya kuondoa sukari ya ganda. Mwishoni walitia spiriti taratibu huku wakikoroga, na nyuzi nyeupe zikajizungusha kwenye kijiti cha kioo. Katika lita 75 walipata miligramu 10 hadi 25 tu.

Umejuaje, Profesa Avery, kwamba ni DNA? Sikilizeni majibu yake, maana hapa ndipo sayansi inapofundishika. Aliipima fosforasi na naitrojeni, zikalingana na za DNA. Alitia vimeng'enya vinavyovunja protini: kitu kikaendelea kufanya kazi. Alitia kimeng'enya kinachovunja RNA, ndugu wa karibu wa DNA: kikaendelea kufanya kazi. Alitia vimeng'enya vinavyovunja DNA: kikakoma. Tena kilifanya kazi hata kilipozimuliwa hadi sehemu moja katika milioni 600. Taarifa ilitoka Februari 1944, wakati Avery ana miaka 66, umri ambao wengi wetu tutakuwa tumeshastaafu na tunahangaikia mafao.

Je, dunia ilishangilia? Haikushangilia. Alfred Mirsky, mwanasayansi wa taasisi ile ile, alishikilia kwamba huenda kuna protini kidogo iliyosalia, na kwamba hiyo ndiyo inayofanya kazi. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, kwa sababu hakuna usafi wa asilimia 100. Lakini mwaka 1952 Alfred Hershey na Martha Chase, wakitumia virusi vinavyoshambulia bakteria na mashine ya kusagia ya jikoni, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya DNA ya virusi huingia ndani ya bakteria na sehemu kubwa ya protini hubaki nje, na ghafla watu wengi wakaamini, ingawa protini iliyosalia katika jaribio lao ilikuwa nyingi kuliko ile ya Avery. Hershey alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1969. Avery alifariki mwaka 1955 bila kuipata, na kwa maoni yangu hakuna kosa kubwa kuliko hilo katika historia ya tuzo hiyo.

Kulikuwa na msomaji mmoja aliyeielewa taarifa ya Avery mara moja. Erwin Chargaff, wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliigeuza maabara yake yote ifuate njia hiyo. Alichukua DNA ya ndama, ya hamira, ya bakteria wa kifua kikuu, akazitenganisha besi zake juu ya karatasi na kuzipima moja moja. Kufikia mwaka 1950 alikuwa na majibu mawili. Kwanza, viwango vya besi hutofautiana kati ya kiumbe na kiumbe, hivyo wazo la Levene likaanguka. Pili, katika kila kiumbe adenini hukaribia kulingana na thaimini, na guanini hulingana na sitosini. Kwa nini zilingane? Chargaff hakujua.

Sasa ndipo tunapofika kwenye umbo, na ndipo tunapofika kwa Rosalind Franklin.

Franklin alizaliwa London mwaka 1920, akapata udaktari wa falsafa Cambridge kwa utafiti wa makaa ya mawe, akajifunza Paris kutumia mionzi ya eksirei kuchunguza mpangilio wa ndani wa vitu. Januari 1951 alijiunga na King's College, London. Mkuu wa idara, John Randall, alimwandikia barua iliyomfanya aelewe kwamba kazi ya DNA kwa eksirei ni yake, pamoja na mwanafunzi Raymond Gosling. Maurice Wilkins, aliyekuwa akiifanya kazi hiyo tangu awali, hakujulishwa hivyo. Alidhani amepata msaidizi. Wakuu wa shule mliopo hapa, naomba mnisamehe, lakini ugomvi mwingi wa watumishi huanzia kwenye barua ya namna hiyo.

Franklin alianza na jambo ambalo wengine hawakulipa uzito: unyevu. Alipitisha gesi kwenye myeyusho wa chumvi ili kudhibiti kiasi cha maji katika nyuzi za DNA, akagundua kwamba DNA ina sura mbili, moja ya ukavu na moja ya unyevu, na kwamba waliotangulia walikuwa wakipiga picha ya sura mbili kwa pamoja bila kujua. Alizitenganisha. Aliona pia kwamba maji yanaingia na kutoka kwa urahisi, kwa hiyo sehemu zenye fosfeti, zinazopenda maji, lazima ziwe upande wa nje. Mei 1952 yeye na Gosling walipata picha ya sura ya unyevu, iliyopigwa kwa zaidi ya saa 60, yenye alama ya msalaba inayoonyesha umbo la kuzunguka kama parafujo. Ndiyo inayoitwa Picha namba 51.

Wakati huo, Cambridge, James Watson na Francis Crick walikuwa wameshashindwa mara moja. Novemba 1951 Watson alihudhuria mhadhara wa Franklin bila kuandika chochote kwenye daftari, akakumbuka vibaya kiasi cha maji, na wakajenga kielelezo cha nyuzi tatu chenye fosfeti katikati. Franklin alikitazama akaonyesha mara moja kwamba hakiwezekani. Waambieni wanafunzi wenu wanaokuja darasani bila kalamu.

Januari 1953 Wilkins alimwonyesha Watson ile Picha namba 51, bila Franklin kujua. Habari hiyo imesimuliwa sana, na nadhani imesimuliwa kupita kiasi, kana kwamba picha moja ilitosha. Kilichowafaa zaidi kilikuwa taarifa ya utafiti ya King's College, yenye vipimo vya Franklin, iliyowafikia Februari kupitia kwa Max Perutz, mwanasayansi mwenzao wa Cambridge. Crick aliona humo aina ya ulinganifu wa fuwele inayomaanisha kwamba umbo hilo ukiligeuza juu chini linabaki vile vile. Yaani nyuzi ni mbili, na zinakwenda pande zinazopingana. Vipimo hivyo havikuwa siri iliyofungiwa, lakini mwenyewe hakuulizwa.

Bado besi zilikuwa hazikai vizuri. Watson alizikata kwa kadibodi akajaribu kuzipanga, zikakataa. Jerry Donohue, mwanakemia Mmarekani aliyekaa chumba kimoja nao, alimwambia kwamba maumbo ya guanini na thaimini aliyoyanakili kutoka kitabuni si sahihi. Kitabu cha kiada kilikosea, walimu wenzangu! Watson aliyarekebisha, na Jumamosi ya tarehe 28 Februari 1953 akaona kwamba adenini ikikaa na thaimini, na guanini ikikaa na sitosini, jozi hizo mbili zina upana ule ule. Kwa hiyo zinakaa kama vidato vya ngazi ya kamba iliyosokotwa, na namba za Chargaff, zilizokaa bila maelezo, zikapata maelezo yake. Upana ni nanomita 2, na kila mzunguko una jozi 10 katika urefu wa nanomita 3.4.

Aprili 25, 1953, jarida la Nature lilichapisha taarifa tatu pamoja: ya Watson na Crick kwanza, ya Wilkins na wenzake, na ya Franklin na Gosling mwisho, kana kwamba vipimo vilikuja kuunga mkono wazo ambalo kwa kweli lilijengwa juu yake. Franklin alifariki Aprili 1958 kwa saratani ya ovari akiwa na miaka 37, na tuzo ya mwaka 1962 ikaenda kwa Watson, Crick na Wilkins. Nobeli haitolewi kwa marehemu, lakini hiyo si sababu ya sisi kutolitaja jina lake darasani.

Naomba niongeze jambo ambalo wanafunzi wenu watalikuta kwenye simu zao kabla hamjawaambia. Mwaka 2007 Watson alilieleza gazeti la Uingereza mawazo ya kuwadharau Waafrika kwa upande wa akili. Maabara ya Cold Spring Harbor, aliyokuwa akiiongoza, ilimsimamisha, na mwaka 2019 ikamvua vyeo vya heshima aliporudia maneno hayo. Mwanafunzi akiwauliza, mjibuni kwa swali la leo: alijuaje? Hakuwa na kipimo. Ukweli wa jozi za besi unasimama bila kutegemea kinywa chake, na maneno yake hayapati nguvu yoyote kutoka kwenye jozi hizo.

Mfano wangu wa mwisho uko karibu nasi. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini, akakulia Kenya, akasomea udaktari Oxford. Mwaka 1949, katika msafara wa chuo chake kwenda Mlima Kenya, alipima damu za watu wa maeneo mbalimbali na kukuta kwamba wabebaji wa seli mundu wanazidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii za pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, na hawafiki asilimia moja nyanda za juu. Kwa nini jeni inayoua watoto iwe nyingi hivyo kwenye joto na mbu? Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria.

Na miaka miwili mitatu baadaye, katika maabara ile ile ya Cavendish alikofanyia kazi Crick, Vernon Ingram aliikata himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ya mgonjwa wa seli mundu vipande vipande, akalinganisha na ya kawaida, akakuta tofauti moja tu: mahali pa kiungo kiitwacho asidi ya glutamiki pana kingine, valini. Leo tunajua mnyororo huo wa protini una viungo 146, kilichobadilika ni cha sita, na katika DNA ni herufi moja, A iliyogeuka kuwa T. Kwa mtoto anayelia kwa maumivu ya viungo katika wodi ya Mwanza au Kisumu, herufi hiyo ndiyo chanzo. Sioni mfano bora wa kumfundishia mtoto wa Ukerewe au wa Kilifi maana ya DNA.

Ndugu Mwenyekiti, baada ya chai tutaingia maabara kufanya jaribio la ndizi. Ndizi mbivu nusu, iliyopondwa. Chumvi kijiko kimoja cha chai. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Chuja kwa kitambaa, kisha mimina spiriti iliyopoa sana taratibu kwenye ukuta wa gilasi. Mtaona nyuzi nyeupe zikipanda, na mtaziokota kwa kijiti kama alivyoziokota Avery. Lakini msimwambie mwanafunzi kwamba hiyo ni DNA tupu, kwa sababu humo kuna RNA, protini na pektini ya ndizi. Mwacheni apendekeze mwenyewe atakavyothibitisha. Shule zenye kemikali ya difenilamini zinaweza kuonyesha rangi ya buluu inayotokea sukari ya DNA inapopashwa moto nayo ndani ya asidi, ila asidi hiyo ni kali, na jaribio hilo lishikwe na fundi sanifu, si na mwalimu aliyevaa ndala.

Spiriti iko kwenye barafu tangu asubuhi. Karatasi za vipimo ziko mezani pale mlangoni, na kila shule ichukue mbili. Asanteni kwa kunisikiliza.